Lingine Je? Tulivyoitafutia Maneno Kahawa ya Uru

Nawaona vijana mkitafuta neno la Kiingereza kwenye simu. Mnaandika, jibu linatokea juu kabisa, mnalichukua na kufunga. Chai yenu haijapoa hata kidogo. Siwasemi vibaya, maana ningekuwa na umri wenu na simu ya namna hiyo ningefanya vilevile. Ila nilipiga chapa barua za watu pale Majengo, mjini Moshi, tangu enzi za taipureta mpaka za kompyuta, na katika vyombo vyote nilivyoshika hakuna kilichonishangaza kama kamusi ya mtandaoni, ile unayoipa neno moja nayo inakuletea ndugu zake wote, wa karibu na wa mbali. Nataka kuwaeleza namna ya kuitumia. Nitaeleza kupitia kahawa, kwa sababu kahawa ndiyo iliyonifundisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni Haika, mzaliwa wa Old Moshi, wa kwanza kati ya watatu. Wazazi walipoondoka duniani, mmoja nyuma ya mwenzake, nilikuwa nimemaliza darasa la saba na wadogo zangu walikuwa bado wanahesabu kwa vidole. Sekondari niliisikia kwa wenzangu. Nilishuka mjini kutafuta kazi, na aliyenipa ni Mzee Kanti, Mhindi ambaye babu yake alizikwa Moshi na ambaye mwenyewe hakuwahi kufikiria kuishi kwingine. Alikuwa na duka la madaftari na kalamu, na nyuma ya duka kilikuwapo chumba chenye taipureta mbili. Hakuniuliza cheti. Alinipa ukurasa wa gazeti nisome kwa sauti. Nilipomaliza akasema, "Unasoma unachokiona, siyo unachokidhania. Kaa."

Nikakaa miaka mingi kuliko alivyotarajia yeye, na kuliko nilivyotarajia mimi.

Kiingereza nilikipata kwa vidole. Mtu akileta barua ya kuomba kazi, naipiga. Akileta mkataba wa nyumba, naupiga. Jioni nawauliza wadogo zangu maneno niliyokutana nayo, nao wanafungua vitabu vyao vya shule na kunicheka matamshi. Pale nilipokwama nilimwendea Mzee Kanti. Alikuwa na kamusi nene yenye jalada la kitambaa, imechakaa pembeni kama mkate ulioliwa na panya. Nikimpelekea neno nililolipata humo, analitazama, anatikisa kichwa taratibu, kisha ananiambia, "Sawa. Hilo ndilo lililokuja kwanza. Lingine je?"

Nililichukia swali hilo. Siku moja nilimjibu, "Mzee, aliyeko nje ni mteja, siyo mchumba. Hawezi kusubiri mpaka nichague."

"Mchumba ndiye ungemchagua kwa haraka," alisema. "Rudi ukatafute."

Taabu ya kamusi ya karatasi ni kwamba lazima uwe unalijua neno ndipo ulikute. Mnaokumbuka maduka ya zamani ya kaunta mtanielewa: unasimama nje, unataja kitu, muuzaji anakuletea au anakwambia hakuna. Baadaye biashara ikaachiwa huru, maduka ya kujichukulia yakafunguliwa mjini, ukaweza kuingia mwenyewe, ukashika, ukalinganisha. Kamusi ya mtandaoni nayo ilikuja hivyo. Kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kuingia stoo ya maneno kwa miguu yangu mwenyewe.

Intaneti yenyewe wakati huo ilipita kwenye waya wa simu. Modemu ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani, na ukiwa umeunganishwa hakuna mtu awezaye kupiga simu dukani. Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu, na hata leo nauona ni utaratibu mzuri. Kabla ya kuunganisha, andika kwenye karatasi unachotaka kukijua. Ukishaingia, fungua kurasa zote unazohitaji, kisha kata mtandao. Sasa soma taratibu. Msichana wa leo ataniambia hakuna haja, mtandao uko wazi mchana kutwa. Lakini ile kukata ndiyo iliyotulazimisha kusoma orodha mpaka chini, na chini huko ndiko kunakokaa maneno mazuri.

Nilijifunza kuipenda kwa sababu ya mwongoza wageni mmoja. Alikuwa ameupanda mlima mara nyingi mno, na kila mara wageni walimwuliza jina la ule mti wa ajabu wa kule juu penye baridi, wenye shina nene na majani yaliyojikusanya kileleni. Yeye alikuwa akiwajibu "kabichi kubwa". Wanacheka, wanapiga picha. "Dada Haika," aliniambia, "nimechoka kuchekwa kwa sababu ya kabichi." Kamusi ya Mzee Kanti isingemsaidia, kwa sababu asiyelijua jina angelifungulia ukurasa gani? Kwenye ile ya mtandaoni tuliandika tu maelezo: mmea mrefu, mlimani, Afrika, majani makubwa. Yakaja majina mengi, mengine ya maua ya bustanini, na katikati ya msongamano huo likawamo "groundsel". Tukafungua maana yake, tukaona sawa. Yule kijana alilitamka mpaka mlangoni, akalitamka barabarani, na watu wa Majengo wakadhani anagombana na mtu.

Tangu siku hiyo nikaiheshimu. Nikajua kwamba hata ukiielezea kama mtoto, inakusikiliza kama mtu mzima.

Sasa kahawa.

Mama Aneti alikuwa mkulima wa Uru, huko juu mlimani, mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo. Aliongoza kikundi cha wakulima wa kijiji chake. Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wakipanda na malori yao, wananunua kahawa ya huyu na ya yule, wanaimwaga pamoja. Ikifika chini haijulikani tena ni ya nani. Mama Aneti alikuwa anakausha kahawa yake kwenye kichanja kwa uangalifu, anachambua punje mbovu moja moja, kisha anaiona inamwagwa juu ya kahawa ya mtu aliyeivuna mbichi. Hilo lilimuuma kuliko bei. Alitaka kitu kimoja: magunia ya kikundi chao yasafiri yakiwa na jina lao, yasichanganywe.

Nafasi ilipatikana. Mgeni mmoja, mama mwenye biashara ndogo ya kahawa huko Ulaya, alikuwa amepita Uru akaona kazi yao. Vikundi vilikuwa vimeanza kuruhusiwa kuuza nje moja kwa moja, naye akawaandikia kwa barua pepe ya dukani kwetu swali moja: kahawa yenu ina ladha gani? Wanakikundi walikubaliana kusubiri mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kama hakuna la maana, lori lingepanda na kila mtu angetoa gunia lake.

"Shikamoo, Mama Aneti," nilimwamkia alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nipewe maneno. Nataka Kiingereza kizito."

Tukamtafutia. Niliandika "good", yaani nzuri, nikaomba ndugu zake. Mama yangu! Yalimiminika. Nilimsomea Mama Aneti moja baada ya jingine, naye akachagua kama anayechagua kitenge, kwa urefu na mng'ao. "Hilo la mwisho linasikikaje? Rudia. Magnificent? Liweke hilo, lina kishindo. Weka na lile jirani yake." Tulijaza nusu ukurasa. Nilipousoma wote kwa sauti, wateja wawili waliokuwa wanasubiri fotokopi walipiga makofi. Mzee Kanti peke yake aliendelea kupanga kalamu.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Yule mama alishukuru kwa adabu. Akasema maneno yetu ni mazuri sana, ila yangeweza kuwa ya kahawa ya mtu yeyote, au ya hoteli, au ya harusi. Kisha akauliza: je, mmeionja?

Nilimtafsiria Mama Aneti. Akanitazama.

"Kuionja nani?"

"Ninyi."

"Mimi nakunywa chai," alisema. "Baba mkwe wangu alikunywa chai. Kahawa ni ya kupeleka."

Msimcheke. Hata mimi nilikulia katikati ya mikahawa, nilichuma, nilimenya, ilinisomeshea wadogo zangu, na sikuwahi kunywa ya shambani kwetu. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za mlimani zilivyokuwa. Kahawa ilitoka, chai na sukari vikaingia.

Mzee Kanti aliinuka akaenda mlangoni, akamwita Shabani. Huyu alikuwa jirani yetu, aliyezaliwa Majengo, muuza kahawa kama baba yake. Asubuhi na jioni alikaa karibu na msikiti na dele lake juu ya jiko la mkaa, na wazee wakimzunguka kwa vikombe vidogo. Mama Aneti alipomweleza shida yake, Shabani alishika kiuno.

"Subiri kwanza, mama. Mnailima ninyi, na hamuijui?"

"Wewe unaijua, umewahi kuilima?"

"Ningeilima wapi, juu ya bati?"

"Basi tumelingana. Chemsha."

Siku iliyofuata Mama Aneti alishuka na kahawa iliyokobolewa, imefungwa kwenye kanga. Shabani aliikaanga kibarazani kwetu, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha. Alipotaka kutia tangawizi kwa mazoea ya mkono, Mama Aneti aliushika ule mkono. "Tangawizi ni yako. Mimi nataka kuiona yangu."

Alikunywa funda moja. Akakitazama kikombe, akanusa.

"Ni chungu?" niliuliza.

"Inaanza na ukali kidogo," alisema polepole. "Halafu inakuwa ndizi. Siyo ya sokoni. Ndizi ya darini."

Kwa wasiojua, mkungu wa ndizi ukikatwa uliwekwa darini juu ya jiko, ukafunikwa majani makavu. Joto na moshi kidogo wa kuni viliuivisha. Ndizi hiyo ukiimenya, utamu wake umetulia, na harufu ya moshi inabaki kwa mbali.

Shabani alionja. "Mimi naona zabibu kavu. Zile za Ramadhani."

Mzee Kanti, mtu wa chai tangu kuzaliwa, alipokea kikombe kama anayepokea dawa. Akanywa, akanywa tena. "Sukari guru," alisema. "Kipande cha mwisho, kile kinachobaki chini ya chungu." Kisha akanigeukia. "Haika, sasa kaa kwenye mashine. Sasa tuna kitu cha kutafuta."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu, vijana, baada ya miaka yote ile. Mara ya kwanza tulianza na neno tukatafuta kahawa ya kulivaa. Sasa tulianza na ulimi wa mtu.

Zabibu haikunisumbua. Sukari guru nilidhani haitakuwamo kabisa. Nilieleza: sukari ya kahawia, ya miwa, isiyosafishwa. Likatokea "jaggery". Mzee Kanti alivuta kiti mpaka magoti yake yakagonga meza. "Limo! Limetoka kwetu huko likaingia humo!" Akalitazama kama anayemwona shemeji yake kwenye picha ya watu wakubwa. Nilitazama majirani zake, nikaona la sukari nyeusi, zito kama lami. Nikamweleza maana yake. "Hapana, hiyo ni nyeusi. Hii yetu ina rangi ya dhahabu." Tukabaki na la kwanza, lakini safari hii tulikuwa tumebisha hodi kwa majirani pia.

Ndizi ya darini ndiyo iliyotushughulisha. Nilianza na neno la tunda lililoiva. Likanipa orodha. Nilikuwa nasoma neno, nafungua maana yake, namwambia Mama Aneti ile maana kwa Kiswahili bila kumtajia neno lenyewe, kisha namtazama usoni. Huo ndio ujanja wote, na hauna haja ya cheti: usimwulize mtu kama neno ni zuri, mweleze maana yake, kisha tazama uso.

"Hili linasema limeiva mpaka linakaribia kuoza."

"Oza wewe. Kahawa yangu haiozi. Lingine je?"

Mzee Kanti alicheka mpaka akakohoa. Swali lake lilikuwa limepata mwenyewe.

"Hili linasema limekomaa, tayari kuvunwa."

"Hilo la bwana shamba. Lingine."

Mbali kabisa chini ya orodha lilikuwapo "mellow". Nikafungua. "Hili linasema tunda limeiva, limelainika, tamu, ukali wake wote umekwisha."

Aliweka kikombe chini. "Ukali wake wote umekwisha," alirudia. "Hapo. Hapo hapo. Andika, usiguse kitu."

Moshi wa darini ulibaki. Nilipata maneno ya moshi wa gari, wa sigara, wa nyumba inayoungua. Hakuna lililompendeza. Nikajua pia kwamba chombo, hata kiwe hodari namna gani, kinakufikisha mlangoni, na mlango unaufungua mwenyewe. Tukaandika tu kwa maneno mepesi: kama ndizi iliyoivishwa juu ya jiko la kuni, chini ya majani makavu. Barua nzima ilikuwa mistari michache. Ikaondoka Jumatano.

Alhamisi umeme ukakatika. Ijumaa haukurudi. Jumamosi asubuhi Mama Aneti alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta iliyozimika, akanitazama mimi.

"Hakuna?"

"Hakuna, mama. Huenda jibu limo humo ndani, lakini sina namna ya kulifikia."

Lori lilikuwa limeshapanda. Alivuta pumzi, kisha akapaza sauti nje. "Shabani! Zima jiko, beba dele. Tunapanda Uru."

"Mimi? Mlimani? Nikifa kwa baridi, wazee wa Majengo utawanywesha wewe?"

"Nitawanywesha chai. Twende."

Mzee Kanti alibaki dukani, ila alinipa kipande cha sukari guru kwenye gazeti. "Waonje na hiki," alisema, "wasije wakadhani naropoka."

Tulikuta magunia yamepangwa mbele ya ghala, na machache yameshapakiwa. Mama Aneti hakuhutubia. Alimwonyesha Shabani mafiga, akakaangiwa kahawa pale pale, mbele ya watu waliokuwa na haraka. Harufu ikafanya kazi ya kuwaita. Walipopewa vikombe, nikawasomea ile barua kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kile kipande cha sukari guru kikapita mkono kwa mkono.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alipinga mara moja. "Ndizi ndiyo, lakini ndizi gani? Hii ni mraru."

"Mraru wapi? Hii ni kisukari!" mwingine alidakia.

"Wewe na kisukari chako, darini kwenu kuna panya tu!"

Wakabishana kwa moyo wote, watu waliokuwa wamelima kahawa maisha yao yote, wakiizungumza kwa mara ya kwanza kama kitu kinachonyweka. Mnunuzi wa lori alishuka. "Mama, tunapakia au hatupakii?"

"Kunywa kwanza, baba."

Akanywa. "Nzuri," alisema.

"Nzuri vipi?" walimwuliza karibu wote kwa pamoja.

"Nzuri tu," alisema, akarudisha kikombe. Yule mzee wa kofia akaweka kikombe chake juu ya jiwe, akaenda nyuma ya lori, akalishusha gunia lake kwa mgongo wake mwenyewe. Wengine wakamfuata. Nimeona mengi, lakini sijaona watu wanaostahili sifa kama wale, maana hawakuwa na jibu lolote mkononi. Walikuwa na ladha mdomoni tu, ikawatosha kusubiri.

Umeme ulirudi Jumatatu. Jibu lilikuwamo, lilikuwa limelala humo tangu Ijumaa. Yule mama aliandika kwamba safari hii ameionja kabla haijamfikia, akaomba sampuli. Zilifuata sampuli, vibali, na miezi ya kuvuta subira. Kisha magunia yakashuka kutoka Uru yakiwa na jina la kikundi, na hayakuchanganywa na ya mtu.

Mzee Kanti ameshaondoka duniani. Kamusi yake ya jalada la kitambaa ninayo mimi. Nimestaafu, na vidole vinauma wakati wa baridi, lakini bado natafuta maneno kwenye simu ya mdogo wangu, na bado nasoma orodha mpaka chini.

Mwezi uliopita nilipanda kumsalimu Mama Aneti. Sauti imepungua, macho yamebaki yale yale. Zamani nyumbani kwake ningekaribishwa chai. Alinimiminia kahawa ya shamba lake, nyeusi, bila tangawizi, akakaa akinitazama. Nikanywa.

"Tamu, mama," nilisema.

Akanijazia kikombe.

"Lingine je?"

Nikanywa tena, safari hii taratibu.